Tenga la nguo chafu la Bi. Ford

Aprili 2012 jukwaa la Globe, London, lilisikia Kiswahili. Tamasha lilialika tamthilia 37 za Shakespeare katika lugha 37, na waigizaji kutoka Nairobi wakapewa The Merry Wives of Windsor, wakaiita Wanawake wa Heri wa Winsa. Falstaff akawa Mrisho Mpoto, mghani wetu wa Tanzania. Sijui kama wangepata komedi ya kutufaa zaidi, maana nusu ya vichekesho vyetu ni ugomvi wa mke na mume.

Falstaff, mzee wa kitambi aliyefulia, anawaandikia barua za mapenzi wake za watu wawili wenye nazo, Bi. Page na Bi. Ford. Barua ni ileile, jina tu ndilo limebadilishwa, na anachomezea mate hasa ni pesa za waume zao. Wanawake wanalinganisha barua, wanaamua kumkomesha. Anasongwa ndani ya tenga la nguo chafu na kumwagwa Mto Thames. Siku nyingine anavalishwa gauni la bibi kizee. Mwisho anavishwa pembe na kufinywafinywa na watoto usiku. (Pembe, kwa Waingereza wa zama zile, zilikuwa alama ya mume anayeibiwa mke. Sisi tungesema bwege tu.) Bwana Ford naye, kwa wivu, anajipa jina la Brook na kumlipa Falstaff amtongoze Bi. Ford, na Falstaff anamwahidi huyo Brook kwamba atampata.

Wanaoisifu wana hoja nzito. Silaha za Bi. Ford zote ni vitu vya nyumbani, mahali ambapo mume anadhani anapatawala. Ford anafukua nguo chafu moja moja mbele ya wenzake akitafuta mgoni, na aibu inakuwa yake. Baadaye anamwomba mkewe msamaha, anamwambia tangu sasa afanye atakavyo. Na hakuna anayedai kuwa amelishwa limbwata! Katika vichekesho vyetu vingi mume akimsikiliza mkewe, au akionekana ameshika ufagio, ukumbi unapasuka kwa kicheko kwa sababu tayari tunajua dawa imewekwa kwenye mboga. Hapo Shakespeare, wa miaka 400 na ushei iliyopita, anatupita.

Lakini wanawake hawa wameshinda nini? Wamethibitisha kwamba hawakuchepuka. Anayetuhumiwa ndiye anayekesha kutafuta ushahidi, na msamaha unakuja baada ya ushahidi kupatikana. Kinachonikera zaidi ni lile gauni. Ford anamtwanga Falstaff kwa fimbo akiamini ni kikongwe wa Brentford, shangazi wa mtumishi wa mkewe, mwanamke ambaye alishampiga marufuku kukanyaga kwake. Tunacheka kwa kuwa tunajua ndani ya gauni mna mwanamume. Ford hajui. Yeye anampiga bibi, na mkewe ndiye aliyepanga iwe hivyo.

Halafu kuna kazi zenyewe. Tenga linabebwa na watumishi. Anayeorodhesha kufua, kukamua, kuoka, kupika, kusugua na kutandika vitanda, yote peke yake, ni Bi. Quickly, mtunza nyumba wa daktari mmoja. Anaipitisha orodha hiyo kwa maneno machache, kisha mchezo unasonga mbele. Uhuru wa Windsor ni wa mama mwenye nyumba. Tena Bi. Page huyohuyo, mshindi wetu, anapanga kumwoza binti yake kwa daktari huyo ambaye binti hamtaki. Binti anatoroka na kuolewa na kijana wake.

Kwangu mimi mizani inaelemea upande wa akina mama hawa, ila si kwa mbali, na sababu ni mstari wa mwisho wa tamthilia. Bi. Page ameshawaalika wote warudi nyumbani wakacheke kando ya moto. Ford anamgeukia Falstaff na kumtania kwamba ahadi yake kwa Brook itatimia, kwani usiku huu Brook atalala na Bi. Ford. Watu wanacheka, mchezo unaisha. Bi. Ford hakuandikiwa jibu.