Oparesheni ikiharibika alaumiwe nani? Hospitali za maveterani wa Marekani na majibu yao

Mada ya makosa ya thieta ikitajwa tu watu wanagawanyika pande mbili. Wapo wanaosema daktari aliyekosea afukuzwe, anyang'anywe leseni, ikibidi afungwe kabisa, maana mgonjwa alimkabidhi mwili wake akiwa amelala usingizi wa dawa. Na wapo wanaosema mfukuze leo, kesho atakosea mwingine palepale, kwa sababu kile kilichomkosesha wa kwanza bado kipo. Nimefuatilia sana tafiti za hospitali za VA, yani zile za serikali ya Marekani zinazotibu watu waliowahi kutumikia jeshi, kwa sababu kule hoja zote mbili zimepimwa kwa data na kwa miaka mingi, na majibu hayajampendelea mtu.

Chanzo chenyewe kilikuwa aibu. Miaka ya 80 malalamiko yalizidi kwamba maveterani wanakufa hovyo kwenye oparesheni za VA, Bunge likapitisha sheria mwaka 1985 kwamba VA watoe ripoti ya matokeo ya upasuaji kila mwaka, walinganishe na wastani wa taifa, na wazingatie hali ya mgonjwa alivyoingia. VA wakaangalia wakakuta wastani wa taifa wenyewe haupo, hakuna aliyewahi kuuhesabu! Ndo ikabidi waanze wenyewe, timu ikiongozwa na daktari wa upasuaji wa moyo Shukri Khuri, kuanzia 1991 mpaka 1993 wakaweka manesi maalum kwenye hospitali 44 kazi yao ni kukusanya taarifa za kila mgonjwa kabla ya oparesheni na siku 30 baada yake.

Hapo kwenye "hali ya mgonjwa" ndo penyewe. Chukua mzee wa miaka 72, ana sukari, mapafu yameshachoka kwa sigara za tangu jeshini, anafanyiwa upasuaji wa utumbo, alafu umlinganishe na kijana mzima anayetolewa ngiri, utamuonea daktari wa yule mzee. Kwa hiyo wao wanapiga hesabu ya vifo vilivyotarajiwa kwa wagonjwa wa aina ile, wanalinganisha na vilivyotokea kweli. Ulitarajiwa kupoteza 10 ukapoteza 15, una maswali ya kujibu hata kama jirani yako kapoteza 20, maana huenda jirani alitarajiwa kupoteza 25.

Mwaka 1994 mfumo ukasambazwa hospitali zote za VA zinazofanya upasuaji mkubwa, na ndani ya miaka kama kumi vifo vya ndani ya siku 30 vikashuka 27%, madhara mengine baada ya oparesheni yakashuka 45%. Wanaoupenda mfumo huu huishia hapa. Mimi siishii hapa, kwa sababu miaka hiyohiyo dawa za usingizi ziliboreka, upasuaji wa matundu madogo ukaenea, uangalizi wa ICU ukawa mzuri zaidi, sasa utajuaje kipi kimeleta nini? Na mwaka 2015 jarida la udaktari la JAMA lilitoa tafiti mbili kuhusu hospitali za nje ya VA zilizojiunga na mfumo wa aina hiyohiyo, zikakuta waliojiunga na wasiojiunga wote walikuwa wanaboreka karibu kwa mwendo uleule. Kupelekewa ripoti kwamba unafanya vibaya hakukufundishi kufanya vizuri.

Marion, Illinois inaonyesha hilo kwa uchungu. Hospitali ndogo ya VA, mfumo ukaonyesha vifo vya upasuaji vimezidi zaidi ya mara nne ya vilivyotarajiwa kati ya Oktoba 2006 na Machi 2007. Oparesheni zilisimamishwa Agosti 2007. Uchunguzi wa VA wenyewe baadae ukasema angalau vifo tisa vilitokana moja kwa moja na huduma duni. Mtetezi wa data atakwambia umeona, mfumo ulikamata. Sawa, ulikamata, ila umekamata wakati watu wameshazikwa, data inakusanywa, inasafishwa, inachambuliwa, miezi inapita na huku thieta inafanya kazi kila asubuhi. Pale ndani walikuwepo watu waliokuwa wanaona kwa macho, hao hawahitaji kusubiri takwimu.

Ndo maana sehemu ya pili ya hadithi ya VA kwangu ina uzito kuliko ya kwanza. 1999 wakaanzisha kituo cha taifa cha usalama wa wagonjwa kule Ann Arbor, Michigan, mkurugenzi wa kwanza James Bagian, daktari na injinia aliyewahi kuruka na chombo cha anga za juu mara mbili. Alikuja na mawazo ya wanaanga: ukitokea ajali usianze na jina la mtu, anza na nini kilitokea, kwanini, na utafanya nini kisijirudie. Timu inayochunguza haina mamlaka ya kumuadhibu mtu, na wanachoandika kinalindwa kisheria. Na mapendekezo yao yanapimwa uzito, "manesi wakumbushwe kuwa makini" linahesabika dhaifu kabisa, ila kuweka mfumo ambapo nesi anaskani bangili ya mgonjwa na pakiti ya dawa, zisipoendana mashine inakataa, hilo ni pendekezo lenye meno. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hospitali ambayo wafanyakazi wanaogopa kusema "nimekosea" haina itakachojifunza.

Lakini wale wa upande wa kwanza wana hoja yao na isipuuzwe, na ushahidi wao upo ndani ya VA hiyohiyo. Fayetteville, Arkansas kulikuwa na daktari wa patholojia, ndo yule anayesoma kinyama kilichokatwa na kusema ni kansa au sio kansa. 2016 alikutwa amelewa kazini, akasimamishwa, akapelekwa kutibiwa ulevi, akarudishwa, alafu akawa anatumia kemikali inayolevya ambayo vipimo vya kawaida haviioni. Kafukuzwa 2018. Kazi zake zilipopitiwa upya, karibu 34,000, makosa yalizidi 3,000, na kwenye kesi moja aliandika kwamba daktari wa pili amekubaliana na majibu yake wakati sio kweli, yule mgonjwa akatibiwa ugonjwa usio wake na akafariki. Januari 2021 akahukumiwa miaka 20 jela. Huyu huwezi kumwambia "mfumo ulimkosesha". Kanuni za VA zenyewe ziliweka mpaka mapema, kwamba uhalifu, kufanya jambo la hatari kwa makusudi, ulevi kazini na kumtesa mgonjwa haviingii kwenye ile kinga. Mpaka ulikuwepo kwenye karatasi, kuusimamia ndo kulichukua miaka. Kwa hiyo mimi nakubali kinga kwa anayekosea na kusema, ila anayefoji rekodi apelekwe mahakamani siku hiyohiyo, maana anaua kile kitu ambacho wengine wote wanakitegemea.

Sasa tuje kwenye mafunzo ya timu, hapa ndo pana utafiti ninaoupenda zaidi na wenye mabishano mazuri zaidi. VA walianza kufundisha thieta nzima kwa pamoja, daktari, mtu wa dawa ya usingizi, manesi, wote kwenye darasa moja. Kabla ya kisu wanasimama, wanatajiana mgonjwa ni nani, upande gani, damu ipo, kifaa kipo, nani ana wasiwasi, na wakimaliza wanakaa tena dakika chache waseme nini hakikwenda sawa. Na yeyote, hata nesi aliyeajiriwa wiki ile, ana ruhusa ya kusema "simamisha". Utafiti wa Neily na wenzake uliotoka JAMA 2010 uliangalia oparesheni 182,409, hospitali 74 zilizofundishwa vifo vikashuka 18%, 34 ambazo zamu yao ilikuwa haijafika vikashuka 7%.

Mpingaji akisoma kwa makini anakuta kitu. Zilizofundishwa zilianzia vifo 17 kwa kila oparesheni 1,000, zile nyingine 15, na mwisho wote wakaishia 14. Yani aliyekuwa juu alikuwa na nafasi zaidi ya kushuka, na hakukuwa na kura ya bahati ya kuamua nani afundishwe kwanza. Hoja nzito hiyo. Kinachonifanya niegemee upande wa mafunzo ni kwamba kila robo mwaka ya mafunzo iliyoongezeka vifo vilipungua tena, kama 0.5 kwa kila 1,000, na kushuka kwa bahati hakufuati kipimo cha dozi namna hiyo.

Na hili linaeleza mambo ya ile cheklisti ya WHO, yani orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mambo ya kuhakikisha kwenye kila oparesheni. Utafiti wa 2009 kwenye hospitali nane duniani, na yetu ya Ifakara, Tanzania, ikiwemo, ulikuta vifo vimetoka 1.5% mpaka 0.8%. Ontario kule Kanada wakalazimisha cheklisti kwenye hospitali 101, matokeo yakatoka 2014, vifo 0.71% mpaka 0.65%, tofauti ambayo kitakwimu haina maana, japo hospitali zilidai zinaijaza karibu kila mara. Karatasi inajazwa, mdomo wa nesi bado umefungwa.

Kuna wasiwasi mwingine wa haki, kwamba ripoti za makosa ni za hiari, zikipungua labda watu wameacha kusema. VA walihesabu makosa ya kufanya oparesheni isiyo sahihi, mtu mwingine, upande mwingine, au lenzi ya jicho yenye namba isiyo yake. 2001 hadi katikati ya 2006 yalikuwa 212 yaliyotokea na 130 yaliyokamatwa kabla. Katikati ya 2006 hadi 2009, muda mfupi zaidi, yaliyotokea 101, yaliyokamatwa kabla 136. Waliokaribia kukosea wanaripotiwa zaidi huku madhara yanapungua, kwa hiyo kimya hakiwezi kuwa maelezo.

Ila kwenye yale 212 ya mwanzo, 104 yalitokea nje ya thieta, na yaliyoumiza watu zaidi yalikuwemo ya kutoa maji kifuani kwa sindano upande usio sahihi. Hiyo inafanyika kitandani, mgonjwa ameinama mbele amekumbatia mto, daktari mmoja nyuma ya mgongo wake, pengine hakuna hata nesi karibu, hakuna timu ya kusimama na kutajiana. Mafunzo yote haya yalianzia thieta kwa sababu huko ndo watu wanaogopa zaidi, na fungu lijalo la pesa, huko VA au kwingine, ningelipeleka wodini kwanza.