Tui lilinikatikia wageni wakiwa sebuleni

Mi nilikuwa kwenye lile kundi la watu wanaosema resipi za mtandaoni ni uongo mtupu. Mpaka Jumapili moja mawifi zangu wamekuja hapa Nyegezi, Mwanza, nikasema leo siwapi sato wa kukaanga kama kila siku, leo nawapikia samaki wa nazi kama watu wa Tanga. Sato nilifuata Mwaloni asubuhi, wabichi kabisa, nazi mbili nikapitia sokoni (nazi zenyewe huku zinatoka pwani, bei yake usiniulize), simu nikaiegemeza kwenye kopo la chumvi, kazi ikaanza. Nasoma mstari napika, nasoma mwingine napika.

Nazi nimekuna, nimekamua, tui la kwanza na la pili nikachanganya bakuli moja nikamimina lote, mkaa umekolea, sufuria inatokota kama ya ubwabwa wa msibani. Nashusha simu chini kidogo sa ndo nakuta imeandikwa tui zito litengwe, liingie mwishoni, moto upunguzwe na ukoroge bila kuacha. Nitenge nini sasa, wakati limeshakatika, maji huku mafuta huku, chengachenga nyeupe zinaelea. Afu sato nao sikuwakaanga kwanza, wamemeguka wote humohumo imebaki miiba. Wifi mkubwa akaonja, akaniuliza kwa upole kabisa, "Wifi, hii supu umejifunzia wapi?"

Sasa muongo hapo ni nani? Resipi sio mpira wa redioni kwamba unausikiliza dakika kwa dakika hujui mbele kuna nini. Mwisho wake uko palepale, soma wote kabla hata hujawasha jiko, afu rudia tena, manake ile ya kwanza unakuwa unasoma kwa njaa.

Na kuna hawa wenzangu wa kubadilisha. Hana nazi kaweka maziwa, limao kaliruka, kitunguu swaumu hakipendi, afu analalamika haina ladha. Mwenzangu, hukuipika hiyo, umepika ya kwako! Mara ya kwanza fuata kama ilivyo, ya pili haribu unavyotaka.

Ila nikubali kitu kimoja, aliyeandika hajui jiko lako. Akisema "moto mdogo" na wewe uko kwenye mkaa, toa makaa mawili matatu, funga kile kimlango cha chini, yaliyobaki funika na majivu. Kikombe cha resipi za Marekani ni kama mililita 240, yani hakifiki nusu ya chupa ya maji ya nusu lita, sio kile kikombe chako kikubwa cha uji. Za hukohuko ukiona keki inataka oveni nyuzi 350, hizo ni Farenhaiti, kwa Selsiasi ni kama 177, mi jirani yangu alizungusha kitasa mpaka kikagoma afu akatutolea tofali. Na huku kwetu ziwa lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, kwa hiyo mtu wa Dar akikuandikia maharage saa moja na nusu usishangae ya kwako bado magumu. Ongeza muda tu, wala usimtukane.

Jumapili hii wanakuja tena. Safari hii nimechukua mnofu wa sangara, ule hauvunjiki ovyo, nitaukaanga kidogo kwanza. Resipi nimeisoma toka juzi. Na tui zito litakaa kwenye bakuli lake juu ya kabati, watoto nimeshawaambia atakayeligusa atanijua.