Si Kila Tofauti ya Protini Ina Faida

Hapa Kigoma, kama kwingineko nchini, mfano wa kwanza anaopewa mwanafunzi kuhusu tofauti za protini ni selimundu. Protini ni mnyororo wa viungo vidogo viitwavyo asidi amino. Katika mnyororo wa beta wa himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, nafasi ya sita iliyopaswa kukaliwa na asidi amino iitwayo glutameti hukaliwa na nyingine, valini. Aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na aliyeirithi kwa wote wawili huugua. Mfano ni wa kweli, tena unatugusa majumbani, lakini nadhani umetupotosha, kwa sababu tumeuchukua kuwa kanuni ilhali ni jambo la nadra.

Mwaka 1968 mwanajenetiki Mjapani Motoo Kimura alitoa hoja kwamba mabadiliko mengi ya molekuli yanayoenea katika spishi hayana faida wala hasara, bali huenea kwa nasibu. Wapo waliodhani anamkana Darwin. Hakumkana, alikubali kwamba uteuzi wa asili, yaani maumbile kubakiza kinachofaa na kuondoa kisichofaa, upo kazini wakati wote, ila kazi yake kubwa ni kukataa.

Mtazame mama anayeuza dagaa mwaloni Kibirizi. Huinama juu ya fungu lake akitoa changarawe, vijiti na dagaa waliooza, na hapo anachagua kwelikweli. Kisha huchota kopo, na dagaa yupi ameingia, yupi amebaki, hajali. Tena kopo likiwa dogo, matokeo huyumba zaidi. Mwanajenetiki Mjapani Tomoko Ohta alilieleza jambo la namna hiyo mwaka 1973: katika jamii ndogo ya viumbe, hata badiliko lenye hasara kidogo huweza kupenya kwa bahati, wakati katika jamii kubwa lingeng'olewa.

Ushahidi unaonishawishi zaidi ni huu. Histoni H4, protini ambayo vinasaba huzungushiwa, ina asidi amino 102, na kati ya ng'ombe na njegere zinatofautiana mbili tu. Fibrinopeptidi, vipande vinavyokatwa na kutupwa damu inapoganda, hubadilika haraka mno. Palipo na kazi nyeti, badiliko hukataliwa. Pasipo na kazi kubwa, hupita.

Hata hivyo, ziwa letu lenyewe linanizuia kwenda mbali mno. Baadhi ya samaki wa jamii ya perege waishio kwenye kina kirefu cha Tanganyika, ambako mwanga unaofika ni wa buluu, wana rodopsini, protini ya jicho inayopokea mwanga, ambayo asidi amino ya nafasi ya 292, alanini, imekuwa serini, na badiliko hilo huifanya protini hiyo inase zaidi mwanga wa buluu. Wenzao wa kina kirefu Ziwa Nyasa wamepata badiliko lilelile, kwa njia yao wenyewe. Bahati pekee haielezi hilo. Anayeniambia kwamba tofauti fulani imeletwa na uteuzi, namdai ushahidi wa aina hiyo. Asipokuwa nao, naihesabu kuwa ya nasibu.