Soko la Mbuyuni likatiwe bima na nani?

Kila mwaka wa fedha unapokaribia, ubishi huu hurudi Moshi: bima za mali za halmashauri zishindanishwe, au zipelekwe moja kwa moja Shirika la Bima la Taifa (NIC)?

Wanaotetea zabuni wana hoja nzito. Tangu 1967 mpaka sheria ya 1996 ilipofungua soko la bima, shirika lilikuwa moja; ukicheleweshewa fidia huna pa kwenda. Leo zabuni hupita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, na anayeona kaonewa ana mamlaka ya rufani ya kukimbilia. Upande wa NIC nao hujibu kwamba ni mali ya umma, na faida yake hurudi Hazina kama gawio. Tena ashinde nani, hatari kubwa lazima igawanywe kupitia bima mtawanyo, yaani kampuni ya bima nayo hujikatia bima kwa kampuni nyingine.

Kwenye magari ya halmashauri sioni cha kugombania sana. TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, imeweka viwango vya chini vya ada, kwa hiyo tofauti ya bei ni ndogo. Hapo swali ni moja tu: nani analipa haraka greda likipinduka?

Soko ni habari nyingine. Sheria ya Fedha ya 2022 ilifanya bima ya masoko ya umma kuwa ya lazima, mwaka mmoja baada ya Kariakoo kuungua usiku wa Julai 10, 2021. Pita Mbuyuni uone: mitumba imepangwa hadi juu, nyaya zimepita palepale, mama lishe na jiko lake la mkaa hatua chache pembeni.

Sasa tuseme rejesta ya mali inasema jengo la soko lina thamani ya shilingi bilioni 1, namba ya miaka mingi iliyopita, wakati kulijenga leo ni bilioni 2. Kampuni tano zinashindana kwa namba ile ile, ya bei nafuu inashinda, kamati ya fedha inapongezana. Moto ukila sehemu ya shilingi milioni 400, kampuni italipa milioni 200. Haijadhulumu mtu: umekata bima ya nusu, unalipwa nusu. NIC nayo ingepiga hesabu hiyo hiyo.

Ndiyo maana naunga mkono ushindani, ila si huu wa kutazama ada peke yake. Rekodi ya kulipa madai ipewe alama nyingi, na mthamini apite kabla zabuni haijatangazwa. Mweka hazina atalalamika, maana tathmini mpya itapandisha ada, na kwa bajeti zetu hana makosa.

Bado kuna balo za mitumba. Hizo si mali ya halmashauri, na bima ya jengo haizigusi. Wafanyabiashara wengi niliozungumza nao wanadhani zimo.