Aliyebwaga moyo ni nani?

Mwaka 2006 Tanzania iliingiza njia ya kati ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kupitia Kwihara karibu na Tabora, katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia kwa jina la njia ya watumwa na pembe za ndovu. Simulizi ya mtaani inakwenda sambamba na jina hilo: neno Bagamoyo ni kilio cha mtumwa anayeubwaga moyo mbele ya bahari. Wengine wanashikilia kuwa ni wimbo wa wapagazi wa Kinyamwezi, na kubwaga moyo ni kutua fikra. Hawa hushukiwa kuwa wanausafisha utumwa. Wanaonewa.

Mpagazi alikuwa mtu wa ujira. Alipatana malipo, mara nyingi ya nguo, na posho ikipunjwa alitoroka. Mtumba wake, yaani mzigo wake (ndiyo, neno hilohilo la leo), ulikaribia frasila mbili, kilo 30 hivi, na Tabora hadi pwani ilikuwa kama miezi mitatu. Kirangozi, kiongozi wa msafara, alianzisha wimbo, safu ikaitikia, miguu ikafuata. Mtu wa namna hiyo akiimba habari ya kupumzika, tusimvishe minyororo.

Ni kweli, waliofungwa nao walipita humo, na baadhi ya wapagazi walikuwa watumwa wa matajiri wao. Wimbo hauna mwenyewe. Ila simulizi ya kilio inautoa utumwa kwetu bara na kuupeleka pwani, kana kwamba Tabora na Ujiji ulikuwa mpita njia. Ulikaa. Wamanyema wengi walioletwa kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hawakuiona bahari kamwe. Walilima mashamba ya mabwana wao hukuhuku.

Tazama sheria. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Amri ya Wajerumani ya 1901 haikufuta utumwa bara. Ilimruhusu mtumwa kujikomboa kwa fedha. Ya 1904 ikawapa uhuru watoto watakaozaliwa baada ya Desemba 31, 1905. Hebu fikiria nyumba moja ya Ujiji: mtoto wa Desemba ni mtumwa, binamu yake wa Januari ni huru, na mama zao wote wawili bado ni mali ya mtu. (Mtoto ambaye bwana alimzaa na suria wake alikuwa huru tangu zamani kwa sheria ya Kiislamu, ndiyo maana koo nyingi hazina kumbukumbu ya mama mtumwa.) Akina mama hao, kama hawakujikomboa, walingoja sheria ya Waingereza ya 1922: miaka 49 baada ya soko la Unguja kufungwa.