Fidia Mara Moja, Mvuke Miaka Arobaini

Juzi nilikuwa mgahawani pale Majengo, televisheni inaonyesha wabunge wakigonga meza, bajeti ya nishati. Likatajwa jotoardhi, umeme wa mvuke unaotoka chini ya ardhi. Jamaa wa meza ya pili, kitambulisho cha ofisi kinaning'inia shingoni, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Sasa ngoja wanavijiji waanze kudai fidia. Watu wanaletewa maendeleo, bado wanataka hela!" Wenzake wakacheka.

Dodoma hii! Mji ambao CDA, mamlaka iliyokuwa ikiustawisha na kugawa viwanja, ilivunjwa mwaka 2017 kwa sababu ya kilio cha ardhi, leo unamcheka anayeulizia ardhi yake.

Sipingi jotoardhi, tuelewane. Maji ya bwawa la Mtera yakipungua tunakumbuka mgao wa umeme, na mvuke hausubiri mvua. Tunaambiwa nchi ina zaidi ya megawati 5,000 chini ya ardhi. Kuna Ngozi na Kiejo-Mbaka huko Mbeya, Luhoi kule Rufiji, Natron kwa Wamasai. Hata Singida hapo jirani maji ya moto yanatoka yenyewe. Wachoronge tu.

Nakubali pia, shingo upande, kwamba kwenye karatasi sheria zetu si mbaya. Fidia kamili, ya haki, kwa wakati. Kuna posho ya usumbufu, kuna ya usafiri, na tathmini ikishaidhinishwa mlipaji ana miezi sita. Akizidisha, riba inaanza kuhesabika. Vizuri sana. Tatizo langu ni kwamba hesabu yote hiyo inafanywa siku moja, kwa bei ya siku hiyo, halafu kitabu kinafungwa.

Miaka michache iliyopita wapimaji walifika kwa mama mdogo, pembezoni mwa mji. Walihesabu mizabibu shina kwa shina, wakaipima tembe, wakaulizia makaburi. Mbuyu ulizua ubishi mrefu kwa sababu hakuna aliyejua ulipandwa na nani (nani hupanda mbuyu?). Alilipwa, sisemi hakulipwa. Lakini viwanja vilipokatwa, bei ya kimoja ilimfanya aombe arudiwe kusomewa. Thamani ilizaliwa akiwa ameshaondoka. Mkononi ana risiti, na shamba jipya liko mbali na kisima.

Kwenye mvuke jambo hili ni baya zaidi, maana kisima cha mvuke hakiishi haraka kama fidia. Mitambo ya kwanza ya Olkaria, karibu na Naivasha huko Kenya, iliwashwa mwaka 1981, na eneo lile linatoa umeme mpaka leo. Hesabu mwenyewe. Mtu alipwe mara moja kwa nyumba na miti, halafu wajukuu zake wakae wanatazama moshi mweupe ukipanda miaka arobaini? Wakenya wenyewe wameliona. Sheria yao ya nishati ya mwaka 2019 inataka mrabaha wa jotoardhi, yaani malipo anayotoa mzalishaji kwa kutumia mvuke, ugawanywe: asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 jamii ya mahali penyewe. Kuandikwa si kulipwa, najua, na tano ni kiduchu. Lakini ni tano inayoendelea kila mwaka, na mtu anaweza kwenda nayo mahakamani. Hiyo ndiyo ninayoitaka iandikwe huku kwetu, tena kabla ya kisima cha kwanza kuuza umeme, kwa sababu baada ya hapo kila mtu atakuwa na haraka. Na iende kijijini, isiishie halmashauri kununua gari.

Mtwara mwaka 2013 watu walikufa kwenye ghasia za kupinga bomba la gesi. Tusijifanye hatukuona.

Halafu kuna mikutano. Olkaria IV ilipojengwa, familia za Wamasai zilihamishwa mwaka 2014. Nyumba mpya za kisasa walipewa, lakini malalamiko yalifika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya: kuna walioachwa kwenye orodha, na Kimaa hakikutumika inavyopaswa. Usuluhishi ukachukua muda hadi makubaliano ya mwaka 2016. Mradi mzima wa mabilioni, unaingia kwenye usuluhishi kwa ajili ya orodha ya majina na mkalimani!

Na sisi huku ni hivyo hivyo. Mheshimiwa anafungua kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", anapigiwa makofi, kisha saa nzima ni Kiswahili cha ofisini: "uthamini", "mwekezaji", "tathmini ya athari". Bibi wa kijijini Chamwino anaitikia kwa kichwa kwa heshima tu. Kesho yake anaambiwa aliridhia, dole gumba lake hili hapa.

Mkalimani wa Kigogo anatafutwa asubuhi na kupatikana kabla ya saa sita. Orodha ya majina ibandikwe ukutani ofisi ya kijiji wiki kadhaa kabla ya saini yoyote, mtu akikosekana apige kelele mapema. Kama bajeti ya karatasi ndiyo shida, waniletee mimi. Hapa Majengo kutoa kopi ni shilingi mia.