Jinzi Kuukuu Ikae Chini, Kitenge Kikae Juu

Sapatu nyingi za kitambaa zinazouzwa siku hizi zimeshonwa kinyume. Juu kitenge kipya kinachong'aa, chini sponji nyembamba iliyobandikwa kwa gundi. Baada ya muda mfupi kwenye sakafu ya saruji sponji imelala, gundi imeachia, na watu wanasema sapatu za kushona nyumbani hazidumu. Zinadumu sana, mradi kitambaa imara kiwekwe panapokanyagwa.

Na kitambaa hicho tunacho. Suruali ya jinzi huchakaa magotini na makalioni; sehemu ya nyuma, chini ya goti, huwa bado nzima. Ni pamba iliyofumwa kwa mshazari, nyuzi zimebanana, na imeshafuliwa mara nyingi kiasi kwamba hairudi tena. Chora unyayo kwenye karatasi ngumu, ongeza sentimita moja pande zote, kisha geuza kielelezo kwa mguu wa pili. Jinzi tabaka mbili chini, kipande cha taulo au blanketi katikati, pamba laini juu. Pitisha mistari ya mshono soli nzima, uzi uwe mnene na sindano iwe namba 16 au 18. Cherehani ikikwama kwenye unene, zungusha gurudumu kwa mkono. Ukingo uzibwe kwa utepe uliokatwa hanamu, maana utepe ulionyooka hukunjamana kwenye kisigino. Poliesta isikae ndani: hainywi jasho.

Nalisisitiza hili kwa sababu mjadala wetu wa nguo umeishia mpakani. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaziondolea nguo za Rwanda nafuu ya ushuru chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya kuingiza bidhaa za nchi za Afrika bila ushuru. Tulibishana sana kuhusu nguo zinavyoingia. Zinapochakaa majumbani mwetu, tunazichoma uani au zinaishia mtaroni, na hilo halina mkutano wa marais.

Vipande vinavyobaki chini ya cherehani za mafundi navyo vinatosha kabisa kwa sehemu ya juu ya sapatu. Fundi akiombwa avitenge kabla ya kufagia, wengi hawakatai. Hapo ndipo kitenge kinapofaa, kwa sababu juu hakuna msuguano.

Kwa wenye vigae, shonea chini vipande vya tyubu ya baiskeli ili usiteleze, hasa kama kuna mzee nyumbani. Gundi haihitajiki popote, kwa hiyo sapatu inafuliwa kwenye beseni na kuanikwa. Ila usiweke kadibodi katikati, hata kama inarahisisha kazi: ikilowa tu, sapatu imekwisha.